Kuchagua kamshafti inayolingana na gia, kompresheni na matumizi ya gari lako

Kamshafti haiongezi ujazo wa injini. Kazi yake ni kuamua valvu zifunguke lini, zikae wazi muda gani na zipande kiasi gani, na kwa njia hiyo inaamua injini ivute vizuri kwenye mizunguko ipi. Ukipeleka nguvu juu, kuna mahali chini umeipunguza. Kwa hiyo kabla ya kuangalia ukubwa wa nundu, yaani uvimbe wa kamshafti unaosukuma valvu, jua kwanza gari lako linaishi kwenye mizunguko ipi.

Hesabu ya nguvu ni rahisi: kilowati ni torki kwa Nm, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549. Torki ya Nm 180 kwenye mizunguko 4,500 inatoa kilowati 85. Torki hiyo hiyo ikipatikana kwenye 6,500 inatoa 123. Hapo ndipo kamshafti kubwa inapopata sifa yake: inachukua torki ile ile, au hata pungufu kidogo, na kuipandisha juu. Namba ya kilele inapendeza, lakini haikuambii gari litaondokaje kwenye kona likiwa kwenye 3,000.

Anzia kwenye gia

Andika uwiano wa kila gia, uwiano wa difu na kipimo cha tairi. Kisha tafuta mizunguko inashuka hadi wapi kila unapopanda gia: chukua mizunguko unayobadilishia, zidisha kwa uwiano wa gia unayoingia, gawanya kwa uwiano wa gia unayoiacha.

Tuseme gia ya kwanza ni 3.30, ya pili 1.90, ya tatu 1.30, ya nne 1.03 na ya tano 0.85, na unabadilisha kwenye 7,000. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, injini inatua kwenye 4,030. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, 4,790. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, 5,550. Kamshafti inayoanza kuvuta kwenye 5,200 itakuangusha chini ya mstari wake mara mbili, na kila mara injini italegea kabla ya kuamka tena. Kwa gia hizi unahitaji ukanda wa nguvu unaoanza 4,000 au chini kidogo. Ukiitaka kwa dhati ile ya 5,200, bajeti yako iwe na giaboksi yenye gia zilizokaribiana.

Fanya na hesabu ya mwendo wa kawaida. Tairi la 205/50R16 lina mzingo wa karibu mita 1.92, hivyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka mara 868 kwa dakika. Zidisha kwa 0.85 na difu ya 4.10, unapata mizunguko 3,020 hivi. Gari la kwendea kazini linatumia sehemu kubwa ya maisha yake chini ya hapo, na kamshafti ya mashindano kwenye gari hilo ni mateso ya kila asubuhi.

Kwa gari la otomatiki kuna swali la ziada: torki konveta inaachia kwenye mizunguko mingapi? Kama inaachia kwenye 1,800 na kamshafti inaamka 3,000, gari litaondoka kwa uvivu hata kilele chake kiwe kikubwa namna gani. Konveta ya kuachia juu zaidi ni sehemu ya gharama ya kamshafti hiyo.

Kusoma kadi ya kamshafti

Kadi, yaani karatasi ya vipimo vya kamshafti, inakupa muda wa kufunguka kwa nyuzi za krenki, kimo cha valvu, na pembe ya utengano kati ya kitovu cha nundu ya kuingiza na kile cha nundu ya ekzosi. Pembe hii ya utengano hupimwa kwa nyuzi za kamshafti yenyewe, na kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Watu wengi huchanganya nyuzi hizi mbili na hesabu zote zinaharibika.

Muda wa kufunguka una mtego. Ule uliotangazwa hupimwa kuanzia valvu inapoinuka kiasi kidogo sana, na kila mtengenezaji ana kiasi chake. Ule wa kulinganishia hupimwa kwenye kimo cha mm 1.27, na baadhi ya watengenezaji wa Ulaya na Japani hutumia mm 1. Kamshafti mbili zilizoandikwa nyuzi 272 zinaweza kuachana kwa zaidi ya nyuzi 10 ukizipima kwenye mm 1.27, na hapo zinakuwa na tabia mbili tofauti kabisa. Omba namba ya mm 1.27 au ya mm 1, na ulinganishe kipimo kile kile kwa kipimo kile kile.

Kwa injini ya lita 2.0 yenye silinda nne, valvu 16 na kamshafti mbili juu, haya ni makadirio ya muda uliotangazwa:

- Nyuzi 240 hadi 256: gari la kila siku, sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) tulivu, nguvu kuanzia 2,000 hadi 6,500 hivi.
- Nyuzi 260 hadi 272: la barabarani lenye moto. Linaamka karibu 3,000 na kuvuta hadi 7,200. Kompyuta inahitaji kupangwa upya.
- Nyuzi 280 hadi 290: zaidi la uwanjani. Chini ya 4,000 injini ni nzito, sailensi inadunda.
- Nyuzi 300 kwenda juu: mashindano, na kila kitu kingine kwenye injini lazima kiwe kimejengwa kwa ajili yake.

Ujazo unabadilisha picha. Silinda kubwa inameza nyuzi, kwa hiyo kamshafti iliyo kali kwenye lita 1.6 inakuwa ya kistaarabu kwenye lita 2.4 yenye kichwa kile kile. Ukiongeza ujazo, unaweza kupanda hatua moja bila kupoteza kitu chini.

Valvu ya kuingiza inafunga lini?

Hapa ndipo pa kutulia zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu katika matukio manne ya valvu, hili ndilo linaloamua ukanda wa nguvu kuliko mengine yote.

Pistoni inapofika chini kabisa katika mwendo wa kuvuta, valvu ya kuingiza bado iko wazi. Pistoni inageuka na kuanza kupanda, valvu bado iko wazi. Hewa ina uzito, na ikishashika kasi haisimami ghafla: kwenye mizunguko ya juu inaendelea kujisukuma ndani ya silinda huku pistoni ikipanda, na silinda inajaa vizuri zaidi. Kwenye mizunguko ya chini hewa haina kasi hiyo, hivyo pistoni inairudisha ilikotoka, ndani ya manifoldi. Torki uliyoipoteza chini imepotelea hapo.

Kupata wakati wa kufunga: chukua nusu ya muda wa kuingiza, jumlisha kitovu cha nundu ya kuingiza (nyuzi za krenki baada ya juu kabisa, valvu inapofikia kimo chake cha mwisho), toa 180. Jibu ni nyuzi baada ya pistoni kupita chini kabisa. Tuchukue kitovu cha nyuzi 106, mwendo wa pistoni mm 86, konrodi ya mm 138 na uwiano wa kompresheni wa 10:1. Kwa kamshafti ya nyuzi 240, valvu inafunga nyuzi 46 baada ya chini kabisa. Pistoni imebakiza mm 76 za kubana, na kompresheni halisi, yaani ile inayohesabiwa kuanzia valvu inapofunga, ni karibu 9.0. Kwa nyuzi 272, inafunga kwenye 62, zinabaki mm 68.5, kompresheni halisi 8.2. Kwa nyuzi 304, inafunga kwenye 78, zinabaki mm 58.5, kompresheni halisi 7.1.

Angalia hiyo ya mwisho. Injini ile ile, pistoni zile zile, lakini inabana kama injini ya zamani iliyochoka. Ndiyo maana mtu anafunga kamshafti ya mashindano kwenye injini ya kawaida na gari linakuwa zito kuliko mwanzo. Ili kamshafti ya 304 ibane kama ile ya 272, uwiano wa kompresheni lazima upande hadi karibu 11.5:1, yaani pistoni mpya au kichwa kilichokatwa.

Kosa la upande wa pili linavunja vitu. Injini iliyojengwa kwa 11.5:1 ikifungwa kamshafti ndogo inayofunga mapema, inabana kupita uwezo wa petroli ya kawaida na inaanza kunoki (petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda), hasa ukiikanyaga kwenye mizunguko ya chini ikiwa na joto. Injini nyingi za valvu mbili kwa silinda zinatulia kompresheni halisi ikiwa kati ya 8 na 8.5 kwa hesabu hii. Vichwa vya kisasa vya valvu nne, vyenye plagi katikati ya chemba, vinavumilia zaidi.

Mwingiliano na pembe ya utengano

Mwishoni mwa mwendo wa kutoa moshi kuna kipindi ambapo valvu ya ekzosi haijafunga na ya kuingiza imeshafunguka. Huo ndio mwingiliano. Jumlisha muda wa kuingiza na wa ekzosi, gawanya kwa 4, toa pembe ya utengano, kisha zidisha kwa 2. Kwa 272 na 272 zenye utengano wa 110, mwingiliano ni nyuzi 52. Ukipanua utengano hadi 114, unashuka hadi 44.

Kwenye mizunguko ya juu, moshi unaotoka kwa kasi unavuta hewa mpya nyuma yake, na mwingiliano unakuwa faida, mradi ekzosi imepangwa vizuri. Kwenye sailensi moshi unarudi nyuma, unachafua hewa mpya, na injini inatetemeka. Utengano wa 106 hadi 108 unatoa torki kali ya katikati na sailensi mbaya. Wa 112 hadi 116 unatandaza nguvu na kutuliza sailensi. Wapo wanaonunua kamshafti kwa ajili ya ule mdundo wa sailensi. Mdundo huo ni moshi unaorudi ndani ya silinda.

Breki pia zinahusika. Buta ya breki inategemea mvuto wa manifoldi, na mwingiliano mkubwa unaupunguza. Mvuto kwenye sailensi ukishuka chini ya kPa 47 hivi, kanyagio la breki linaanza kuwa gumu. Pima kwa geji baada ya kufunga kamshafti, na kama hautoshi weka pampu ya mvuto ya umeme au tangi la akiba lenye valvu ya njia moja. Jambo hili lisingoje wiki ijayo.

Turbo inabadilisha hesabu. Turbo ndogo mara nyingi inajenga presha kubwa kwenye manifoldi ya ekzosi kuliko iliyopo upande wa kuingiza, na wakati wa mwingiliano moshi unasukumwa kinyume. Chagua utengano wa 112 hadi 116 na muda wa wastani. Kwa supachaja hatari ni nyingine: hewa uliyoibana kwa nguvu ya injini inapita moja kwa moja hadi kwenye ekzosi. Dawa ni ile ile ya kupunguza mwingiliano.

Kama injini yako ina mfumo wa kusogeza kamshafti yenyewe, mfano VVT-i ya Toyota au VANOS ya BMW, una uhuru mkubwa zaidi, kwa sababu kompyuta inaweza kuiwahisha chini na kuichelewesha juu. Lakini nafasi kati ya valvu na pistoni ipime kamshafti ya kuingiza ikiwa imewahishwa hadi mwisho. VTEC ya kubadilisha nundu, ambayo Honda ilianza kuiuza mwaka 1989, ina nundu mbili za kuchagua: ya chini iache karibu na ya kiwanda, kali iwe ya juu.

Kimo, na springi zinazokibeba

Uwazi unaozunguka valvu unalingana na eneo la uso wake kimo kinapofika robo ya kipenyo. Kwa valvu ya mm 34 hiyo ni mm 8.5. Kupanda zaidi bado kunasaidia, kwa sababu valvu inakaa muda mrefu zaidi kwenye vimo vinavyopitisha hewa vizuri. Lakini kama kichwa chako kimepimwa na hewa haiongezeki baada ya mm 10, kamshafti ya mm 12 inakula springi bure.

Kwenye injini zenye roka, yaani mkono unaopeleka msukumo wa nundu kwenye valvu, kimo cha kadi kinategemea uwiano wa roka. Nundu ya mm 7.5 inatoa mm 11.25 kwa roka ya 1.5 na mm 12.0 kwa roka ya 1.6.

Springi za kiwanda mara nyingi hazitoshi kwa kamshafti ya kasi. Zikiwa dhaifu, valvu inashindwa kufuata nundu kwenye mizunguko ya juu, inaelea, na pistoni inaikuta wazi. Nunua springi alizotaja mtengenezaji wa kamshafti. Valvu ikiwa imefunguka hadi mwisho, hakikisha koili zimebakiza angalau mm 1.5 kabla ya kugusana, na kisahani cha juu cha springi kimebakiza mm 1.5 kabla ya kugonga sili ya valvu. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachosahauliwa, na matokeo yake ni sili zilizopasuka na moshi wa bluu baada ya siku chache.

Kupima na kufunga

1. Tafuta juu kabisa ya kweli. Funga sahani ya nyuzi kwenye krenki na weka kizuizi kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza. Zungusha krenki taratibu kwa mkono hadi pistoni iguse, andika namba. Zungusha upande wa pili hadi iguse tena, andika. Katikati ya namba hizo mbili ndipo juu kabisa. Alama ya puli ya kiwanda usiiamini.

2. Weka geji ya mshale kwenye tapeti ya kuingiza, yaani kipande kinachosukumwa na nundu. Zungusha krenki kwa mwelekeo wa injini tu, ili ulegevu wa mnyororo au mkanda usikudanganye. Andika nyuzi mm 1.27 kabla ya kimo cha juu na mm 1.27 baada yake. Ukipata 79 na 133, kitovu kiko kwenye 106. Linganisha na kadi.

3. Rekebisha kwa puli yenye nafasi za kusogezea. Kuruka jino moja la mkanda hakufai kwa kazi hii: puli ya meno 40 ikisogea jino moja, ni nyuzi 18 za krenki.

4. Pima nafasi kati ya valvu na pistoni. Weka springi laini za kupimia. Kuanzia nyuzi 20 kabla ya juu kabisa hadi 20 baada yake, kila nyuzi 2 sukuma valvu kwa kidole hadi iguse pistoni na usome geji. Ya ekzosi hukaribiana zaidi karibu nyuzi 10 kabla, ya kuingiza karibu nyuzi 10 baada. Kiwango cha chini ni mm 2.0 kwa ya kuingiza na mm 2.5 kwa ya ekzosi, ambayo hupanuka kwa joto. Plastisini juu ya pistoni inasaidia pia: ifunike kwa mafuta kidogo, funga kichwa na gasketi uliyokwisha kuitumia, zungusha mara mbili, fungua, ikate na upime unene. Ukihisi krenki inagoma, simama hapo hapo. Usilazimishe.

5. Panga nafasi za tapeti kwa fila geji kulingana na kadi mpya. Kamshafti iliyosagwa upya ina mduara mdogo wa chini, hivyo itadai shimu nene kuliko zilizokuwepo. Ziagize kabla hujaanza kufungua.

Kuwasha mara ya kwanza

Kwa tapeti bapa za injini za pushirodi (zinazosukuma roka kwa fimbo), dakika 20 za mwanzo ndizo zinazoamua uhai wa kamshafti. Paka grisi ya moli kwenye kila nundu na kila uso wa tapeti, tumia oili yenye zinki ya kutosha, na hakikisha mafuta na moto vimepangwa ili injini iwake bila kupigishwa stata muda mrefu. Ikishawaka, ipandishe mara moja hadi kati ya 2,000 na 2,500 na uibakize hapo dakika 20 hadi 30, ukiibadilisha mizunguko kidogo kidogo. Usiiachie sailensi. Oili inayorushwa na krenki ndiyo inayolainisha nundu, na kwenye sailensi hairushwi vya kutosha. Tapeti lazima izunguke inapofanya kazi. Isiyozunguka inachimba nundu kwa dakika chache. Tapeti za zamani usizifunge na kamshafti mpya. Kamshafti za rola, ambazo tapeti zake zina magurudumu, hazihitaji utaratibu huu.

Kompyuta ya injini ipangwe upya kabla gari halijakanyagwa. Mvuto mdogo wa manifoldi unaifanya sensa ya presha idhani umekanyaga mafuta, na injini inapewa petroli nyingi kupita kiasi. Pandisha sailensi kutoka 750 hadi kati ya 900 na 1,100, na uwahishe moto kidogo chini ili kufidia kompresheni iliyopungua.

Ikikataa

Gari zito chini lakini zuri juu: wahisha kamshafti ya kuingiza nyuzi 2, kisha 4. Nyuzi 4 zinashusha ukanda wa nguvu kwa takribani mizunguko 200. Kila ukiiwahisha, valvu ya kuingiza inasogea karibu na pistoni, kwa hiyo rudia hatua ya nne kabla ya kuwasha.

Nguvu inakatika ghafla karibu na kilele huku injini ikipiga misi: shuku springi kabla ya moto. Tiki inayoongezeka na nafasi ya tapeti inayopanuka kila unapopima ni nundu inayolika. Zima, katafute chembe za chuma kwenye filta ya oili.

Na kama nguvu inaisha mapema kuliko kadi ilivyoahidi, kagua manifoldi, throtobodi na ekzosi kabla ya kuagiza kamshafti kubwa zaidi. Bomba la ekzosi la kiwanda linaweza kuifunga kamshafti ya 272 kwenye 6,000, na ile ya 288 itafungwa pale pale, huku ukiwa umeshapoteza torki yako ya chini.